Jogoo Niliyempeleka kwa Mama Enoka

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungia maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi, halafu usiniulize tena.

Mimi ni Sekela, Mama Ipyana kwa wanaonijua, muuza vitenge wa hapa Tunduma, mzaliwa wa milima ya Ileje. Mwaka jana nilijinunulia kigari kidogo cheupe, kizee, chenye kila kitu isipokuwa breki ya mkono. Asubuhi moja ya ukungu, kwenye kilima cha kuingia mjini, katikati ya foleni ya malori, kijana wa bodaboda aitwaye Enoka alikutwa amelala nyuma ya kigari changu, mguu umevunjika. Watu wakasema nimerudi kinyumenyume nikamgonga. Polisi wakaandika hivyo hivyo, na kesi ikafunguliwa.

Mkaona pia jinsi wakili wangu wa kwanza, Anania, alivyogundulika kuwa si wakili. Ni fundi redio mwenye tai. Nililia, nilipomaliza kulia nikacheka.

Sasa nina wakili wa kweli. Anaitwa Jenista, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, anatoa msaada wa kisheria bure kwa watu kama mimi wenye kesi kubwa na akili ndogo. Jumatano alikuja dukani, akakaa juu ya robota la vitenge, akaninyooshea simu.

"Mama, huyu ni wewe?"

Nikajiona. Nimepiga magoti uani kwa Mama Enoka, mama yake yule kijana, nimekumbatia jogoo mwekundu, nasema kwa sauti ya kwaya: "Nimewakosea. Mnisamehe."

"Ni mimi," nikasema. "Ila kilemba siku hiyo hakikunikaa vizuri."

Jenista hakucheka. "Aliyekurekodi ni Agnes, dada yake Enoka. Polisi wanayo hii. Siku ya kesi wataionyesha mbele ya hakimu, na mimi nitabaki natazama dari."

"Lakini ni desturi, mwanangu!"

"Haya, nieleze hiyo desturi."

Nikamweleza. Kwa ukoo wetu, mtu akiumia na wewe ukawa karibu, unabeba jogoo, unapiga magoti, unaomba radhi. Wenye mgonjwa wakimchinja mkala pamoja, yamekwisha. Hakuna anayeruhusiwa kuyataja tena, si mkosaji wala mkosewa. Wasipomchinja, jogoo anafungwa kamba uani, na nyinyi mnaendelea kuogopana barabarani.

"Na huyu wamemchinja?"

"Bado. Wiki ya tatu sasa anawika tu."

Jenista akavua miwani, akafikicha macho. "Mama Ipyana, kuanzia leo huombi radhi kwa mtu. Ajali ikitokea unamsaidia majeruhi, unatoa taarifa, unasema ulichokiona kwa macho yako. Nani mwenye kosa, hiyo ni kazi ya mahakama, siyo ya jogoo."

"Hata pole nisiseme?"

"Pole sema. Nimekosa usiseme."

"Samahani, wakili."

Akanitazama. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

Alhamisi tukaitwa kwa Mama Enoka. Enoka mwenyewe ndiye aliyetuma ujumbe kwamba anataka kuonana na wakili wangu. Njia nzima Jenista alinihubiria: usipige magoti, usiseme neno, wewe kaa kama picha ukutani.

Mama Enoka ni Mndali mwenzangu, mwanamke mrefu, mzito wa maneno. Alikuwa anapepeta maharage uani. Jogoo wangu amefungwa kwenye nguzo ya jiko, amenenepa kuliko nilivyompeleka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni."

Enoka alikuwa kwenye benchi, mguu wa plasta umewekwa juu ya kigoda. Hakuzungusha maneno.

"Dada wakili, mimi sikugongwa."

"Rudia," Jenista akasema, tayari kalamu iko mkononi.

"Sikugongwa na gari. Siku ile hospitalini niliwaitikia polisi tu kila walichoniuliza, maumivu yalikuwa makali. Nilikuwa napandisha mlima, napenya kati ya malori, ukungu huoni mbele. Tairi la mbele likapiga jiwe. Bonge la jiwe, katikati ya njia. Nikarushwa, pikipiki ikaburuzika mpaka nyuma ya gari la huyu mama. Gari lake lilikuwa limesimama."

"Na polisi umewaambia?"

"Jana. Nimekwenda na magongo yangu, nimeandika maelezo upya. Siwezi kumfunga mtu kwa kosa la jiwe."

Jenista aliruka, nikadhani amekalia siafu. Akanishika mabega, akanitikisa. Agnes akatoka jikoni na aibu yake, akaniambia, "Mama mkubwa, ile video nisamehe." Enoka akacheka. Mimi pia nikacheka, nikafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mama Enoka peke yake hakucheka. Aliendelea kupepeta, halafu akaweka ungo chini.

"Kama hukumgonga," akasema, "jogoo huyu alikuja kufanya nini kwangu?"

"Si ndiyo desturi yenu, mama?" Jenista akanijibia.

"Desturi naijua kabla hujazaliwa, binti yangu. Mimi namuuliza mwenyewe."

Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama. Nikasema nina mteja dukani ananisubiri, nikaondoka mbio mbio, Jenista nyuma yangu akicheka kwamba sisi Wandali tungeomba radhi hata kwa mvua.

Wasomaji wangu, mmenivumilia wiki tatu, mmenitumia pole, wengine mmenitumia hata mistari ya Biblia. Sasa niwatubie.

Desturi niliyomweleza Jenista niliikata nusu. Kwetu ukienda kumpa mgonjwa pole tu, unabeba unga au mayai. Jogoo mwekundu anabebwa na mtu anayejua alichokosa. Mama Enoka alilijua hilo tangu siku ile nilipoingia langoni kwake.

Jiwe lilikuwa langu.

Nimewaambia kigari hakikuwa na breki ya mkono. Asubuhi ile foleni iliposimama pale mlimani, kigari kikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Nikakanyaga breki kwa mguu mpaka goti likaanza kutetemeka. Mbele yangu palikuwa na lori la Zambia. Dereva wake alikuwa ameshuka kunyoosha mgongo, akaniona ninavyohangaika.

"Mulishani, bamayo?" akaniamkia kwa Kibemba chao. "Gari inakushinda?"

"Inanishinda, baba!"

Akaenda pembeni ya barabara, akabeba jiwe kwa mikono miwili, akalisukumiza nyuma ya tairi langu. Nikapumua. Tukaongea kidogo kwa dirisha. Anaitwa Watson, ana watoto watatu, na mke wake anapenda vitenge vya kwetu kuliko vya kwao. Kabla hajarudi kwenye lori akanigongea kioo.

"Bamayo, ukiondoka utoe jiwe. Usisahau. Jiwe linaua watu."

"Siwezi kusahau," nikamwambia.

Foleni ikasogea. Nyuma yangu wakapiga honi. Nikasogea na wenzangu, hatua kumi hivi, nikasimama tena. Nikasikia kishindo. Niliposhuka, Enoka alikuwa chini, na jiwe lilikuwa pale pale nilipoliacha.

Watu wakapiga kelele kwamba nimemgonga. Nilijua sijamgonga, na kwa kuwa kile walichonisingizia hakikuwa kweli, nikaona sina haja ya kusema kile kilichokuwa kweli. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Mdomo ukanyamaza, ila miguu ikampeleka jogoo.

Ijumaa saa nne Jenista akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya harusi.

"Mama Ipyana, Jumatatu saa tatu wanakuondolea mashtaka! Na mwenye jiwe wamempata."

Nikashika ukingo wa meza. "Mwenye jiwe nani?"

"Dereva wa Zambia, anaitwa Watson. Wauza mahindi wawili wanasema walimwona siku ile amebeba jiwe kuliweka barabarani. Alikuwa anarudi kutoka Dar, wamemkamata hapa hapa mpakani. Jumatatu hiyo hiyo wanamsomea yeye."

"Amesema nini?"

"Anasema alimwekea mama mmoja mwenye gari dogo. Kila mtu akikamatwa ana mama mmoja." Akacheka. "Tajiri wake ameshatuma dereva mwingine achukue lori. Huyo kazi hana tena. Lakini si shida yetu, mama. Wewe furahi."

Sikufurahi. Nilikata simu, nikafunga duka, nikapika ugali na samaki, nikaweka kwenye hotipoti. Njiani nilijipanga vizuri kabisa. Nitaingia kituoni, nitasema jiwe ni langu, nitampa chakula, basi.

Kaunta palikuwa na askari mmoja, mnene, mpole.

"Nimekuja kumwona Watson."

"Wewe ni nani yake?"

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulifunguka. Ukatoka uongo umenyooka kama umepigwa pasi:

"Ni mteja wangu. Ananunua vitenge."

Wakamleta. Alikuwa amekonda shingo, amevaa sweta si lake. Aliponiona, uso wote ukawaka.

"Bamayo! Nilijua utakuja. Umekuja kuwaambia?"

Askari alikuwa amesimama hatua mbili. Nikainua hotipoti.

"Nimekuletea chakula," nikasema.

Watson akaitazama hotipoti, akamtazama askari, akanitazama mimi. Nilimwona akielewa. Hakupiga kelele, hakuninyooshea kidole. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama aliyepewa na mkwewe.

"Natotela, bamayo," akasema. Asante, mama.

Nimewahi kutukanwa na wateja, na mawifi, na makondakta. Hakuna tusi lililonichoma kama asante ile.

Jumapili baada ya ibada simu ikalia. Agnes.

"Mama mkubwa, njoo na wakili wako. Mama amemchinja jogoo."

Siku nyingine ningeimba barabarani. Jogoo kuchinjwa ndilo jambo nililoliomba kwa wiki tatu. Nikampitia Jenista, akapanda kigari huku akilalamika kwamba hajala tangu jana, na hivyo Mungu yupo.

Mkeka ukatandikwa, ugali ukatua, jogoo akaja kwenye bakuli, mchuzi mzito. Tulikuwa watano: Mama Enoka, Enoka na magongo yake, Agnes, Jenista na mimi. Mama Enoka akaomba sala fupi. Kisha akachukua paja, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Anayeomba radhi anaanza," akasema. "Ukishameza, hatutalitaja tena."

Nikalishika paja. Nikaliinua. Likafika karibu na mdomo, likakwama hapo.

"Mama, kabla sijala. Jiwe lile nililiacha mimi."

Jenista, ambaye alikuwa ameshika shingo ya jogoo, alinikanyaga mguu chini kwa chini. Alichelewa.

"Najua," Mama Enoka akasema.

"Unajua?"

"Mimi pia nina macho. Mtu aje na jogoo mwekundu, halafu aambiwe hukukosa, badala ya kushukuru anakimbia? Nimemchinja kwa sababu najua. Mguu wa mwanangu unapona. Nimekusamehe. Kula."

"Kula, mama," Enoka akasema, mdomo umejaa. "Plasta inatoka mwezi ujao. Ukungu nao ulichangia."

Nililia pale pale mbele ya mboga. Sijui kama kuna mtu amewahi kunisamehe kirahisi hivyo na mimi sistahili. Nikajifuta, nikainua tena lile paja. Likakwama tena pale pale.

"Na Watson?"

"Watson ni nani?" Agnes akauliza.

"Dereva wa Zambia. Yuko ndani kwa ajili ya jiwe langu."

Watu wakatazama sahani zao. Agnes akasema taratibu, "Huyo si wa kwetu, mama mkubwa. Atatetewa na wa kwao."

"Jogoo huyu nimemchinja kwa mguu wa mwanangu," Mama Enoka akasema. "Ya Wazambia yatamalizwa na jogoo wa Zambia. Wewe kula."

Nikamgeukia Jenista. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Wakili, nikienda kusema itakuwaje?"

"Mimi ni wakili wako. Uliyoyasema hapa, kwangu hayatoki." Alisema polepole, kama anayesoma maelezo ya dawa. "Kesho saa tatu unakuwa huru. Ukienda kusema, yeye anaweza kutoka na wewe ukaingia. Na pale kituoni, nimesikia kwa askari, walishakuuliza, ukawaambia ni mteja wako wa vitenge. Sitakudanganya kwamba nitaweza kukurudisha hapa ulipo sasa."

"Wewe ungefanyaje?"

Akafikiri. "Ningemaliza kula kwanza."

Hapo ndipo nilipojua. Nikimaliza kula, sitasema tena. Hiyo ndiyo sheria yetu, na nzuri sana siku nyingine zote. Ukishameza, jiwe limekufa. Hata mimi mwenyewe nisingekuwa na ruhusa ya kulifufua.

Nikalirudisha paja kwenye sahani.

Mama Enoka akaacha kula. Kwetu ni bora umtemee mtu mate kuliko kukataa jogoo wake wa msamaha, na jogoo akishachinjwa ni wa aliyemchinja.

"Umemkataa?"

"Sijamkataa, mama. Nifunikie. Nitakula nikirudi."

"Ukirudi kutoka wapi?"

"Kituoni."

"Ukivuka mlango huo hujala," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo, "basi hatujapatana. Hakimu akiniuliza nani alimvunja mwanangu mguu, nitakutaja jina lako lote."

"Ni haki yako, mama."

Enoka akasema, "Mama, jamani." Hakuna aliyemsikiliza. Nikanawa mikono, nikatafuta viatu mlangoni, kimoja nikakivaa, cha pili kikagoma. Nikatoka nacho mkononi.

Nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni Jenista, mikono ina mchuzi mpaka kwenye saa.

"Nipe funguo za gari."

"Usinizuie, mwanangu."

"Nani anakuzuia? Utaendeshaje na kiatu mkononi? Leo hatutaki ajali ya pili. Nipe funguo."

Nikampa. Akaendesha, mimi nikavaa kiatu. Njiani akanipa maagizo: nisipige magoti, nisilie, nijibu nilichoulizwa, nisiongeze desturi. Nikaitikia yote. Ajabu ni kwamba moyo ulikuwa mwepesi. Nilianza hata kusikia njaa.

Kaunta alikuwa yule yule askari mnene.

"Ahaa, mama wa vitenge! Leo hakuna chakula?"

"Afande, nimekuja kwa habari ya Watson."

"Watson?" Akafunga daftari. "Yule amemaliza kazi. Amekiri mwenyewe juzi jioni baada ya kula chakula chako."

Nikashika kaunta. "Amekiri nini?"

"Jiwe ni lake. Aliliweka kwa lori lake, akalisahau. Ameweka na dole gumba." Askari akacheka kwa upole. "Tukamuuliza, na yule mama mwenye gari dogo? Akasema hakuna mama yeyote. Alimtunga."

Jenista akanishika kiwiko. "Mama Ipyana," akaninong'oneza, "umesikia? Tunaweza kurudi. Hakuna anayekutafuta."

Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na baba wa watoto watatu aliyekula ugali wangu, akaona hofu yangu, akaamua kunificha.

"Afande," nikasema, "mama huyo yupo. Ni mimi."

Askari akaacha kucheka. Akamtazama Jenista, akanitazama mimi, akalifungua tena lile daftari kwenye ukurasa mweupe.

"Jina lako kamili," akasema, kama mtu ambaye hajawahi kuniona.